Barua ya wazi: Mwanamke aulizwe kuhusu bangi kliniki, kabla hajaulizwa kituo cha polisi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya,
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, Tanzania.

YAH: MATUMIZI YA BANGI NA AFYA YA MWANAMKE, TANGU KUVUNJA UNGO HADI BAADA YA UKOMO WA HEDHI

Waheshimiwa,

Habari za bangi zinazofika magazetini ni za mashamba yaliyofyekwa Arumeru na Tarime, magunia yaliyonaswa barabarani na skanka (bangi kali) iliyokamatwa kabla haijaingia mitaani. Kazi hiyo ina wenyewe, nasi hatuna neno nayo. Sisi ni wakunga, wauguzi, wafamasia na washauri wa tiba ya uraibu. Yetu yanaanzia pale habari hizo zinapoishia: kwa mwanamke anayevuta au kula bangi, aliyeketi mbele ya mhudumu anayempima presha, anampa FEFO (vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi) na kumpangia tarehe ya kurudi, bila kumuuliza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba kila mjamzito aulizwe kuhusu pombe na vilevi vingine mapema iwezekanavyo, na aulizwe tena kila hudhurio. Mwaka 2016 likalirudia agizo hilo katika mwongozo wa huduma kwa wajawazito. Kwetu swali la VVU, kaswende, malaria na wingi wa damu linaulizwa hata na mhudumu mgeni kabisa. La bangi, katika vituo vingi, halifiki mdomoni. Tunaomba liulizwe, na liulizwe kwa namna ambayo mwanamke atajibu kweli na kurudi tena. Pia lisiishie kwa wajawazito.

Kwanza kitu chenyewe. Kinacholevya kwenye bangi ni kemikali iitwayo THC. Inayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo haiishi mwilini upesi kama pombe. Inajikusanya kwenye mafuta na kutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa mtumiaji wa kila siku hata kwa wiki kadhaa. Ikivutwa inafika ubongoni ndani ya dakika chache. Ikiliwa kwenye biskuti, keki au kunywewa kwenye chai inachelewa dakika 30 hadi saa 2, kisha inakaa saa 6 hadi 8 au zaidi, maana ini linaigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu. Ndiyo maana wanaokula huzidiwa kuliko wanaovuta: anakula kipande, haoni kitu, anaongeza cha pili, halafu vyote vinampanda kwa pamoja.

Mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanana na THC, na vipokezi vyake viko kwenye ubongo, kwenye ovari, kwenye mji wa mimba na kwenye kondo la nyuma. Kemikali hizo za asili zina kazi katika kupevuka kwa yai na katika namna mimba changa inavyojishikiza. THC inaingia hapo hapo, tena kwa kiwango ambacho mwili haukukitarajia. Kwa hiyo anayesema bangi ni jambo la kichwani tu hajui inakopita.

Tuanze na mjamzito, kwa kuwa ndiye tunayemwona mara nyingi kuliko wengine wote.

THC inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Vipokezi vyake vinaonekana kwenye ubongo wa mtoto tangu nusu ya kwanza ya mimba, wakati ubongo huo ndio kwanza unajengwa. Pamoja na THC, moshi wa bangi una lami na kaboni monoksaidi kama wa sigara, na kaboni monoksaidi inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu ya mama. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha mambo yale yale: watoto wa wanaotumia bangi katika mimba mara nyingi zaidi huzaliwa na uzito chini ya gramu 2,500, huzaliwa njiti kabla ya wiki 37, na hulazwa chumba cha watoto wachanga. Kanada, huko Ottawa, na Marekani, huko Pittsburgh, watoto walifuatiliwa kwa miaka mingi tangu mimba zao za miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Wale ambao mama zao walitumia bangi wakati wa ujauzito walionekana, walipofika umri wa shule, kuwa na shida zaidi ya kutulia, kukumbuka na kujizuia.

Hapa tunawaomba mtuvumilie, maana ndipo kampeni nyingi zinapoharibikia. Matokeo hayo ni ya uwezekano, hayamhusu kila mtoto. Wengi wa wanawake waliochunguzwa walivuta na sigara, wengine waliishi kwenye umaskini, na kutenganisha sababu hizo ni kazi ngumu. Bango linalosema anayevuta bangi huzaa mtoto zezeta linamfikia mwanamke ambaye jirani yake alivuta mimba nzima na mtoto wake anaongoza darasani. Tangu siku hiyo hatatuamini hata tukimwambia ajifungulie hospitali. Wapo pia wanaotumia mtandao kusambaza utafiti wa Jamaica uliochapishwa mwaka 1994, ulioonyesha kwamba watoto wa mama wavutaji hawakuwa nyuma ya wenzao. Utafiti huo upo kweli. Ila ulihusu watoto wasiofika 50, na wale akina mama waliovuta sana walikuwa na elimu na kipato kizuri kuliko wenzao. Mhudumu ajue kulieleza hilo kwa utulivu badala ya kukataa kwamba utafiti upo.

Analopaswa kuambiwa mjamzito ni fupi. Hakuna kiasi cha bangi kinachojulikana kuwa salama katika mimba. Kuacha leo kunasaidia hata kama mimba ina miezi 7. Asiyeweza kuacha mara moja apunguze na aendelee kuja kliniki. Mafuta ya CBD (kemikali nyingine ya bangi) yanayouzwa mitandaoni kama dawa ya asili yasiyolevya nayo hayafai kwa mjamzito, na mara nyingi kilichomo kwenye chupa hakilingani na lebo. Na mume anayevuta ndani avutie nje, mbali na dirisha.

Wengi hawavuti kwa starehe. Wanavuta kwa sababu ya kichefuchefu cha mimba changa, na ushauri huo huwa wameupata kwa mtu wanayemwamini, kama wanavyoshauriwa kula udongo wa pemba. Kumwambia aache bila kumpa mbadala ni kumrudisha nyumbani na kichefuchefu chake. Mbadala upo na ni rahisi: vitamini B6 miligramu 10 hadi 25 mara 3 kwa siku. Vidonge hivyo tayari viko kwenye zahanati nyingi, ila viko kwenye kabati la dawa za kifua kikuu, kwa kuwa hutolewa pamoja na isoniazidi, na mkunga wa chumba cha pili hajui kwamba anaweza kuviomba. Tangawizi inasaidia baadhi. Ale kidogo kila baada ya saa 2 au 3, kitu kikavu kabla hajainuka kitandani, na FEFO aimeze usiku pamoja na chakula, maana madini ya chuma huongeza kichefuchefu kwa wengi. Yakishindikana hayo, prometazini au metoklopramidi kwa maelekezo ya mganga.

Sasa kuna kutapika kwa aina nyingine ambako tungependa kila mganga wa zahanati akujue. Kulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na madaktari wa Australia Kusini. Mtu aliyetumia bangi mara kwa mara, kwa kawaida kwa zaidi ya mwaka, anaanza kutapika kwa vipindi: siku mbili tatu za kutapika bila kukoma na tumbo kuuma, kisha wiki za nafuu, kisha tena. Bangi inayojulikana kwa kutuliza kichefuchefu ndiyo inayokileta, jambo ambalo mgonjwa halikubali kirahisi, kwa hiyo anaongeza kuvuta. Dalili inayomfichua ni maji ya moto. Anaoga maji ya moto mara nyingi kwa siku, kwa kuwa ndiyo pekee yanayompa nafuu. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika hazimsaidii sana. Haloperidoli kwa kiasi kidogo, au krimu ya kapsaisini (ile kemikali ya pilipili) ikipakwa tumboni, huwatuliza baadhi wakiwa hospitali, lakini tiba ni kuacha bangi kabisa, na nafuu kamili inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kwa mjamzito hali hii inafanana kabisa na kutapika kulikokithiri kwa mimba. Anatibiwa, anaruhusiwa, anarudi baada ya wiki 3. Mhudumu apime malaria na mkojo, aangalie kama mimba ni ya pacha au ya zabibu, kisha aulize maswali mawili: unapata nafuu ukioga maji ya moto? Na umekuwa ukitumia bangi? Akiwa amepungua uzito kwa asilimia 5 au zaidi, au mkojo una ketoni (ishara ya mwili kukosa chakula), alazwe. Dripu ianze na maji ya chumvi (normal saline), potasiamu ipimwe na kurudishwa, na apewe thiamini miligramu 100 kabla ya dripu yoyote ya glukosi. Mpangilio huo si wa hiari. Mtu aliyetapika kwa wiki mbili ameishiwa vitamini hiyo, na glukosi ikitangulia inamaliza kilichobaki na kuumiza ubongo: macho yanachezacheza, mwendo unayumba, kumbukumbu zinapotea, na si zote zinazorudi.

Akifikia kupasuliwa, mtaalamu wa usingizi aambiwe. Watumiaji wa kila siku huweza kuhitaji dawa nyingi zaidi za usingizi na za maumivu, na moyo wa aliyevuta muda mfupi uliopita unakwenda mbio. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unataka kila mgonjwa aulizwe kabla ya upasuaji, na upasuaji usio wa dharura ucheleweshwe angalau saa 2 tangu alipovuta. Upasuaji wa dharura wa uzazi haungoji, lakini taarifa ifike.

Baada ya kujifungua kosa linakuwa la upande wa pili: mhudumu akisikia bangi anamwambia mama aache kunyonyesha. Ni kweli THC inaingia kwenye maziwa, kwa kuwa maziwa yana mafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliikuta kwenye maziwa hadi siku 6 baada ya matumizi ya mwisho, na mwingine wa mwaka 2021 uliikuta kwa baadhi ya akina mama hata wiki 6 baada ya kuacha. Kwa hiyo kukamua na kumwaga, kama wanavyofanya wengine baada ya pombe, hakufai kitu kwa bangi. Lakini mtoto wa mtaa wa Kigogo, Dar es Salaam, au Igoma, Mwanza, anayepewa maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji yasiyochemka, kwenye chupa isiyooshwa vizuri, yuko kwenye hatari ya kuhara iliyo karibu zaidi na inayoua kwa haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mama mwenye tatizo la vilevi ahimizwe kunyonyesha isipokuwa hatari inazidi faida waziwazi. Mama aache bangi, aendelee kunyonyesha. Akishindwa kuacha, apunguze, asivute chumba alicho mtoto, na asilale kitanda kimoja na mtoto akiwa amelewa, maana hatamsikia. Mtoto akiwa mzito wa kuamka, ananyonya kwa uvivu au haongezeki uzito, aletwe.

Miezi hiyo hiyo ya kwanza ndiyo ya huzuni na kukosa usingizi baada ya uzazi, na bangi hutumika kama dawa ya usingizi. Mama asiyelala hata mtoto akiwa amelala, anayesikia sauti au kuamini mtoto si wake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kujali kama amevuta au hajavuta. Tumesikia mara nyingi neno “ni bangi tu hiyo” likichelewesha mgonjwa.

Turudi nyuma kwa msichana. Kati ya wote wanaowahi kutumia bangi, karibu mmoja kati ya 10 anakuwa mraibu. Kati ya wanaoanza wakiwa vijana wadogo, ni karibu mmoja kati ya 6. Ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Wanawake, tafiti zinaonyesha, huchelewa kuanza kuliko wanaume lakini wakishaanza hufika kwenye uraibu kwa muda mfupi zaidi, na arosto yao (mateso ya mwili unapokosa kilevi) huwa kali zaidi. Nguvu ya bangi nayo ina maana yake. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil ulikuta wanaotumia bangi kali kila siku wakiwa na uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini wanafuatiliwa, ukilinganisha na wasiotumia. Skanka ni ya kundi hilo la bangi kali. Msichana ambaye mama au kaka yake amewahi kuugua hivyo aambiwe waziwazi kwamba yeye ana hatari zaidi.

Wasichana wengine wanaanza kwa sababu ya maumivu ya hedhi. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, ikianzwa mara dalili za kwanza zinapoonekana na si maumivu yakishakolea, inatosha kwa wengi, ilimradi hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala pumu inayochochewa na dawa hizo. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia. Ikipita hedhi 3 bila nafuu apelekwe kwa daktari wa wanawake, maana huenda kuna ugonjwa wa tishu za mji wa mimba kuota nje yake. Walimu wa malezi wanaweza kufundishwa haya kwa mchana mmoja.

Kwa anayetafuta mtoto, THC hupunguza homoni ya ubongo inayoamrisha yai lipevuke, na mzunguko unaweza kwenda bila yai. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2021 kwa wanawake waliowahi kupoteza mimba ulikuta waliotumia bangi wakiwa na nafasi ndogo ya kushika mimba kwa asilimia 41 kila mwezi, ingawa watumiaji waliokuwemo walikuwa wachache. Mume naye apimwe na aulizwe. Mbegu zake huathirika pia, na hapa kwetu lawama ya ugumba hutua kwa mwanamke kabla ya kipimo chochote.

Kwa asiyetaka mtoto, swali la bangi kwenye uzazi wa mpango ni kwa ajili ya tumbaku iliyomo. Misokoto mingi huchanganywa na tumbaku. Mwanamke wa miaka 35 au zaidi anayevuta tumbaku hapaswi kupewa vidonge vya majira vyenye homoni mbili, kwa sababu ya damu kuganda, moyo na kiharusi. Kijiti, kitanzi, sindano au vidonge vya homoni moja vinamfaa. Ukimuuliza “unavuta sigara?” atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli.

Wanawake wa miaka 50 na kuendelea ndio hakuna anayewafikiria. Bangi kwao ni ya usingizi, ya joto la ghafla la ukomo wa hedhi, ya magoti. Ushahidi kwamba inaondoa joto hilo ni dhaifu. Dawa za homoni zina ushahidi mzuri kwa mwanamke wa chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, kama hana historia ya saratani ya matiti wala damu kuganda. Bangi huongeza mapigo ya moyo muda mfupi baada ya kuvuta na kushusha presha anaposimama, kwa hiyo mama anayemeza dawa ya presha anaamka usiku kwenda msalani na kuanguka. Nyonga ikivunjika katika umri huo ni ulemavu. Takwimu za zaidi ya watu wazima 400,000 wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 2024, zilionyesha kwamba watumiaji wa kila siku walikuwa na uwezekano zaidi wa shambulio la moyo kwa asilimia 25 na wa kiharusi kwa asilimia 42. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) apimwe damu upya, maana bangi na hasa CBD huzuia ini kuivunja dawa hiyo na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Na maumivu ya nyonga au kiuno ambayo mama ameyatuliza kwa bangi miezi na miezi yanadai achunguzwe shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii.

Waheshimiwa, tunasikia mapendekezo ya kupima mkojo wa kila mjamzito. Tunapinga. Kipimo cha haraka cha mkojo kinamwona aliyevuta mara moja kwa siku 3 hivi, na mtumiaji wa kila siku hata kwa siku 30 au zaidi baada ya kuacha. Hakisemi ametumia kiasi gani, lini, wala kama alilewa. Aliyeacha wiki 3 zilizopita kwa ajili ya mtoto wake ataonekana mwongo. Efavirenzi, dawa ya VVU waliyoitumia wanawake wengi kabla ya dolutegraviri, imewahi kuvifanya baadhi ya vipimo hivyo vionyeshe bangi isiyokuwepo. Zaidi ya hayo, mwanamke akijua mkojo wake utapimwa bangi, mkojo huo hauletwi, na pamoja nao haupimwi protini ya kifafa cha mimba. Jimbo la Tennessee huko Marekani lilitunga sheria mwaka 2014 ya kumshtaki mama aliyetumia dawa za kulevya akiwa mjamzito, wanawake wakaanza kukwepa kliniki, na mwaka 2016 sheria hiyo ikaachwa ife.

Swali linashinda kipimo, likiulizwa vizuri. Katika hudhurio la kwanza tunasisitiza mwenza aje, na ni vyema, lakini swali hili liulizwe mwenza akiwa nje, wakati mama anapimwa tumbo. Lianze na vitu vya kawaida: “Mama, haya tunamuuliza kila anayekuja hapa, na majibu yanabaki kwangu. Katika miezi 3 iliyopita umetumia sigara, ugoro, pombe, mirungi, bangi ya kuvuta au ya kula?” Litajwe jina la kula, maana mwenye kula biskuti hajihesabu mvutaji. Kwa mama mtu mzima aanze na shikamoo na aulize kwanza usingizi na dawa za kienyeji, kisha afike huko. Asiulize “hutumii bangi, sivyo?” Hilo limeshajibiwa na muulizaji.

Jibu lisiandikwe kwenye kadi. Kadi inakaa nyumbani, inasomwa na mume, mama mkwe na wifi. Liandikwe kwenye rejesta kwa alama, na alama hiyo wizara iipange iwe moja nchi nzima.

Akijibu ndiyo, kuna dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani liitwalo ASSIST lenye maswali 8. Kwa bangi, alama 0 hadi 3 ni hatari ndogo, 4 hadi 26 ni ya wastani, 27 na zaidi ni kubwa. Wa wastani anahitaji mazungumzo ya dakika 3 hadi 15, yanayofanyika hapo hapo na mkunga huyo huyo. Anarudishiwa alama zake, anaulizwa bangi inamsaidia nini na inamgharimu nini, anachagua mwenyewe hatua ya wiki hii. Arosto huanza siku ya 1 hadi ya 3, hukolea ndani ya wiki ya kwanza na kwa wengi hutulia baada ya wiki 2: hasira, kukosa usingizi, ndoto kali, jasho, kukosa hamu ya kula. Aambiwe mapema ili siku ya 4 asidhani anaumwa. Asipewe diazepamu ya kuishi nayo wala asijitulize kwa pombe. Mwenye alama kubwa apewe rufaa, na hapa kuna pengo: methadoni, tunayoitoa tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, ni ya heroini, na kwa bangi hakuna dawa iliyoidhinishwa. Lakini washauri wa kliniki hizo za methadoni ndio wenye ujuzi wa mazungumzo haya. Wapewe ruhusa na siku moja kwa wiki ya kuwapokea wanawake wa bangi, kwa mlango usio wa foleni ya dawa.

Tunaomba basi waraka mmoja wenye saini za pande mbili. Upande wa afya uweke swali, alama na mafunzo, na uifanye vitamini B6 ipatikane chumba cha wajawazito. Upande wa Mamlaka utamke kwa maandishi kwamba taarifa aliyoitoa mwanamke kliniki haiombwi na haitumiki kumkamata. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inabaki kama ilivyo. Siri ya kipimo cha VVU tumeitunza miaka yote, na hii inaweza kutunzwa vile vile. Na kwa kuwa biskuti za bangi zinaingia majumbani, waraka uwe na ukurasa wa mtoto aliyekula kwa bahati mbaya: anasinzia, anayumba, macho mekundu, pengine pumzi inapungua. Asitapishwe, asipewe maziwa, alazwe ubavu na awahishwe hospitali pamoja na mabaki ya alichokula, na mzazi anayesema ukweli mapokezi asiitiwe polisi kabla mtoto hajatibiwa.

Wenu katika kazi,

Wakunga, wauguzi, wafamasia na washauri wa tiba ya uraibu

Nakala: Bohari ya Dawa, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania